Ufunguo wa Choo cha Wapiga Pasi

Kwenye kiwanda cha mashati walimwita Chuma, na jina lilimkaa. Alikuwa mpiga pasi wa miaka mingi, mama wa mabinti wawili aliowasomesha kwa mvuke wa pasi hiyohiyo, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Joto likizidi alijikaza kisabuni, akafuta jasho kwa kiwiko na kuvuta shati jingine.

Lakini miaka ya karibuni joto lilikuwa limepata kiburi. Lilifika mapema, likachelewa kuondoka, na mabati ya kiwanda yakalipokea kwa mikono miwili. Wapiga pasi wakaanza kuanguka. Mwenye kiwanda akatangaza kwamba atakayeanguka tena aende nyumbani asirudi, wataletwa wenye damu changa. Kwa Chuma huko kulikuwa kumwaga unga, tena binti mdogo akiwa bado hajamaliza chuo, hivyo siku alipoanguka naye aliinuka akidai ameteleza.

Wataalamu walishakuja, kila mmoja kwa wakati wake. Daktari aliagiza watu wanywe maji. Pipa likawekwa, likabaki limejaa. Mhandisi aliagiza feni, nazo zikagawa joto kwa haki, asiwepo wa kumwonea mwenzake wivu. Safari hii walikuja pamoja, wakiwa na mwanamke mpole aliyesomea maisha ya watu. Walikuwa wanatafiti jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyowaingilia watu kazini. Mhandisi alitundika vipimajoto, daktari akapima damu na mapigo ya moyo, na yule mwanamke akakaa kwenye kiti akitazama nani anakwenda wapi.

Matokeo yaliwachanganya. Wanaume wa mashine za kukata walifanya kazi kwenye joto lilelile, na walikuwa wazima. Wapiga pasi, wote wanawake, miili yao ilikuwa imekauka, na pipa la maji liko nyuma yao.

Wakaitisha kikao palepale kati ya meza. Msimamizi alisimama mlangoni, ufunguo ukining'inia kiunoni.

"Dada, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?" daktari akamuuliza Chuma.

"Mengi tu, daktari."

Yule mwanamke akauliza taratibu, "Na chooni mnakwenda saa ngapi? Maana sijamwona hata mmoja wenu akienda."

Macho ya wapiga pasi yakaenda kwenye ufunguo. Choo cha wanaume kilikuwa wazi siku zote. Cha wanawake kilifungwa, eti wanakwenda kupiga soga, na aliyeomba ufunguo aliulizwa na msimamizi mbele ya watu anakwenda kufanya nini. Chuma aliona heri akauke kuliko kujibu swali hilo. Akisema sasa, atakiri kwamba alianguka, na kazi ndiyo hiyo inaota mbawa. Akamtazama msichana wa meza ya jirani, midomo imempasuka kwa kiu, na moyo ukamuuma.

"Nimekudanganya, daktari," akasema. "Sinywi. Nikinywa itabidi niombe ufunguo ule pale, na kuuomba ni kudhalilika. Na siku ile sikuteleza. Nilianguka."

"Hata mimi sinywi," akasema msichana.

"Mimi pia," akadakia mwingine, kisha meza zote. Kila mmoja alikuwa amedhani ni siri yake peke yake.

Hapo watafiti watatu wakatazamana kama watu waliokuwa wakitafuta miwani waliyoivaa. Mhandisi alikuwa na joto lake, daktari kiu yake, na mwenzao alikuwa na ule ufunguo. Wakampelekea mwenye kiwanda vyote vitatu kwa mpigo, naye akakosa pa kuponyokea. Mabati yakapakwa rangi nyeupe, mapumziko ya mchana yakawekwa, hakuna aliyefukuzwa. Kitasa cha choo cha wanawake mhandisi aliking'oa mwenyewe kwa bisibisi, wanawake wakimshangilia.

Siku ya kwanza ya jua kali, Chuma alizima pasi, akachota maji, akanywa kikombe kizima mbele ya msimamizi. Akaongeza kingine, bila haraka. Halafu akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi?" msimamizi akauliza, mazoea yakimponza.

"Chooni," akajibu Chuma kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mashine za kukata. "Ukitaka kujua nakwenda kufanya nini, nisubiri hapo, nikirudi nitakueleza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliporudi msimamizi hakuwepo mlangoni, na Chuma akachota kikombe cha tatu.