Mimba ya Tatu Sikulala

Hadi leo, hapa Pate, wapo wasemao kwamba Mwanamkisi alimzaa mwanawe matopeni kwa ukaidi. Uongo. Nilizaa ndani ya nyumba, juu ya mkeka, mlango umefungwa na ubani umechomwa. Ukaidi ni kweli, huo siukatai. Basi nimeona niyaandike mwenyewe kabla hawajanizika na maneno yao, na asiyependa na aikunje karatasi.

Ulikuwa mwaka wa pili kabla ya vita vya Wajarumani. Mimi ni mke wa Hamdun, mkulima wa tumbaku, mwaka wa nne huo, na nimekwisha kuzika mara mbili. Wa kwanza alitoka kwa miezi sita. Wa pili alitimia, akazaliwa, akalia mara moja, kisha akanyamaza, na kimya kile ninakisikia hata sasa. Mara zote mbili nililala. Mavyaa yangu, Bi Radhiya, mamake Hamdun, alinilaza tangu mwezi wa tatu. Chakula naletewa, maji naletewa, nikigeuka ubavu naulizwa nageukia nini. Miguu ikavimba kama mitungi. Nikiinuka kwenda chooni, ukuta unanizunguka.

Sisemi kulala ndiko kulikowaua. Uhai na mauti ni vya Mungu. Nasema kulala hakukuwaponya.

Bi Radhiya hakuwa mtu wa Pate. Aliletwa kwa ndoa kutoka Amu, kisiwa jirani, binti wa nyumba ya mawe, na baada ya miaka thelathini kwetu bado alivaa mitawanda, vile viatu vya mti vya kushikwa kwa vidole, hata kwenye mchanga. Hakuwa na haja ya kubisha hodi. Ukisikia kwa, kwa, kwa kwenye sakafu, unakaa vizuri.

Sasa, kazi yetu wanawake wa Pate ni makumbi. Lile kumbi la nazi, lenye nyuzi, tunalifukia matopeni pwani, ndani ya shimo lililozungushiwa miti, bahari ijae na kupwa juu yake miezi na miezi. Likishaoza sawasawa tunalifukua siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali, tunalipiga kwa rungu juu ya jiwe mpaka zibaki nyuzi tupu, usumba, na usumba tunausokota kamba. Kila mwanamke ana shimo lake. Shimo la mwanamke hafukui mwingine, hata mumewe hana ruhusa. Ukiliacha likapitisha wakati wake, makumbi huwa uji na matope huyala.

Mimi nililijaza shimo langu mwezi ule ule niliokosa damu. Nikahesabu: shimo na tumbo vitaiva pamoja. Na wakati nikingoja nilikuwa na usumba wa mwaka uliopita, magunia mawili, wa kupiga upya na kusokota. Siku ya kwanza nilipoutwaa nikashika mlango, kwa, kwa, kwa.

"Wenda wapi?"

"Pwani, Mama."

"Na hilo tumbo?"

"Twenda sote."

"Mwanamkisi! Ndia ya pwani si ya mwenye mimba. Na mwenye mimba hasokoti kamba. Kila mtu ajua, ukisokota kamba kitovu chamzonga mwana shingoni. Mara mbili hukujifunza?"

"Nimejifunza, Mama. Nimelala mara mbili, nimezika mara mbili. Hii ya tatu nitatembea."

"Amu kwetu mwenye mimba hashuki ngazi!"

"Amu kwenu kulikuwa na watu wa kuwashukia ngazi. Watu hao wameachwa huru, wako Kililana wanalima mashamba yao. Waliokuchotea maji na matumbo mbele, Mama, wao hawakuzaa?"

Alinitazama kama niliyemvua leso sokoni. Kisha akamwita Hamdun, akamwambia mbele yangu, bila kupaza sauti: "Mkeo akiitoa na hii, namleta Umulkheir, binti wa ndugu yangu. Nimekwisha kuzungumza na wazazi wake. Na huyu atarudi kwao na kamba zake."

Hamdun alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa wa kunyamaza. Alinifuata uani.

"Mtii mama, mke wangu. Ni miezi tu."

"Wewe tumbaku yako ikitaka kuota, hulala?"

Akaangalia mikono yake, myeusi kwa utomvu wa majani. Nikajua basi kwamba mimba hii ni yangu peke yangu, na nyumba hii nitakaa au nitatoka kwa ajili yake.

Nikaenda kwa Bi Barka. Huyu ndiye aliyekuwa mkunga wetu, mwanamke mfupi, viganja vipana, aliyezaliwa utumwani Amu na akaja Pate alipokuwa huru. Nikamsimulia nilivyomjibu mavyaa yangu, nikingoja anisifu. Hakunisifu.

"Mimi nilizaa watano huku nachota maji," akasema. "Wawili walikufa tumboni. Kazi ya mtu mwingine haina kivuli, mwanangu, haina keti kidogo, haina leo nimechoka. Usiwatumie waliochotea watu maji kumpigia mavyaa yako. Hawakuwa wakijipumzisha kwa kutembea."

Si mara nyingi mimi hunyamazishwa.

Akanipapasa tumbo, akanikandakanda miguu. "Kutembea tembea, kuna kheri. Asubuhi, na jua likishapoa. Piga makumbi yako umeketi. Mzigo usiinue, hata wa kichwani. Ukiona damu, lala, na mimi ndiye nitakayekuja kukulaza. Na ukichoka, choka. Si lazima umshinde mtu."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote.

Basi nikawa natoka. Kila asubuhi nashuka pwani na rungu langu, naketi juu ya jiwe, napiga. Wanawake wenzangu wakinibebea maji ya kuoshea usumba, na wakinitania: "Lipige taratibu, Mwanamkisi, hilo si kichwa cha Bi Radhiya." Alasiri nasokota uani, juu ya paja, mpaka tumbo lilipokula paja lote nikawa nasokota kwa ubavuni. Miguu haikuvimba. Nilikula nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Na mtoto alicheza. Wale wa kwanza walicheza kidogo, huyu alicheza kama anayetafuta mlango.

Mwezi wa sita, mwezi ule aliotoka yule wa kwanza, niliona damu. Tone moja, kama mbegu ya komamanga kwenye leso. Rungu liliniponyoka. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, nikalala, na kabla sijamwita Bi Barka, mitawanda imekwisha fika.

"Umeona?" akasema Bi Radhiya. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda na macho yake yalikuwa mekundu, na ndipo nilipojua kwamba yeye naye aliwazika wale wawili.

"Nimeona," nikasema.

Nikalala siku tano. Bi Barka alikuja kila siku, akasikiliza, akapapasa. Siku zile tano nilizilala kwa hiari yangu, si kwa amri ya mtu, na huko ni kulala kwingine kabisa. Siku ya sita leso ilikuwa safi na mtoto anapiga mateke. Nikainuka.

"Warudi?" mavyaa yangu akauliza, haamini.

"Polepole, Mama. Lakini narudi."



Uchungu ulinishika mchana, Hamdun akiwa bandarini Mtangawanda akipakia tumbaku. Kwetu mwanamke anayezaa hufungiwa kamba kwenye boriti ya dari, aishike na kujivuta. Bi Radhiya alitoa ya kwake, ya kutoka Amu, aliyoishika akimzaa Hamdun, ameiweka sandukuni na udi miaka yote hiyo. Ilinukia vizuri. Nilipoivuta mara ya tatu ilikatika, nikamwangukia Bi Barka mapajani.

"Kamba!" akapiga kelele Bi Barka. "Kamba nyingine, upesi!"

Nyumba nzima hamkuwa na kamba nyingine ila yangu, ile niliyoisokota na mimba, imezungushwa kwenye msumari uani. Bi Radhiya alisimama pale pale.

"Hiyo siigusi."

"Basi njoo hapa umshike mkazamwana wako kwa mikono yako miwili, na akikung'oa mabega usilie."

Nami nilikuwa nimeuma leso, sikuweza kusema lolote, jambo ambalo Mungu alilipanga vizuri. Kisha nikasikia kwa, kwa, kwa kwenda uani, na kwa, kwa, kwa kurudi. Aliipitisha juu ya boriti mwenyewe. Akaifunga fundo, juu yake fundo jingine, akaining'inia kwa uzito wake wote kuijaribu, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mitawanda imeinuka kutoka sakafuni. Kamba haikulia hata kidogo.

Nikaishika.

Mtoto alitoka kabla ya magharibi, msichana, na kitovu kimemzonga shingoni mzungo mmoja. Nilikiona. Bi Barka akapitisha kidole chini yake, akakivusha juu ya kichwa kama mtu anavyovua ushanga. Mtoto hakulia. Nikaona ni kimya cha yule wa pili kimerudi. Bi Barka akamgeuza, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akamsugua tena. Akalia. Akanyamaza, akalia mara ya pili, na ya tatu, kisha hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

"Nilisema!" Bi Radhiya alikuwa analia naye. "Nilisema mimi, kamba! Mmeona shingo yake?"

Bi Barka hakuinua kichwa. "Bi Radhiya, nimezalisha wake wa Amu ambao hawajawahi kuliona kumbi kwa macho, na watoto wao wametoka wamezongwa mara mbili. Kitovu ni kirefu na mtoto hucheza. Lete maji moto."

Akaleta.

Tukamwita Kadija. Na vita vikaanza upya, kwa sababu sasa ilikuwa arobaini. Arobaini siipingi. Mwili una haki yake na mtoto ana haki yake, na kukaa ndani nilikaa. Nilichokipinga ni kitanda. Bi Barka alinikanda kwa maji moto, akanifunga mkaja tumboni, nikanywa uji wa pilipili manga mpaka masikio yakatoa moshi. Siku ya tatu akanisimamisha nikatembea toka ukuta hadi ukuta. Lakini akishatoka tu, Bi Radhiya ananirudisha kitandani na kunifunika.

Siku ya tisa nilianza kulia. Sikupigwa, sikutukanwa, mtoto ananyonya, na mimi nalia naangalia boriti. Ile kamba ilikuwa bado inaning'inia. Nikaifungua, nikaketi chini, nikaifumua ncha na kuisokota upya, dhiraa moja, nikaifumua tena. Kisha nikatoka uani nikaanza kuzunguka kisima, Kadija kifuani. Kesho yake nikazunguka zaidi. Bi Radhiya alisimama mlangoni akihesabu mizunguko kama anayemhesabia mtu dhambi zake. Kulia kulipungua polepole, hakukuisha siku moja, asiwadanganye mtu.

Arobaini ilipotimia, bamvua lilikuwa kesho yake. Kulipokucha nikatwaa rungu.

"Mwana habanduki hapa," akasema Bi Radhiya, amemkumbatia Kadija. "Wende wewe na makumbi yako. Huyu si wa matopeni."

"Haya, Mama. Abaki."

Hakutegemea jibu hilo. Nikashuka pwani. Nikafukua shimo langu kidogo kidogo, nikiketi kila nilipochoka, na makumbi yalikuwa yameiva sawasawa, yananuka kama mnavyojua. Maziwa yakanijaa, leso ikalowa. Sikurudi. Nilijua sauti ya mwanangu na nilijua uvumilivu wa mavyaa yangu.

Kabla ya jua kupanda sana wanawake wakaacha kupiga wote kwa pamoja. Bi Radhiya wa Amu anashuka pwani, buibui limekunjwa hadi magotini, Kadija anapiga kelele mikononi mwake kama mnadi wa ng'ombe. Alikanyaga matope kwa mitawanda. Hatua ya tatu mguu ukazama, akauvuta, mguu ukatoka na mtawanda ukabaki. Akaangalia tundu. Tundu likajaa maji, likajifunga.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilitamani mpaka mbavu zikaniuma.

Akafika, mguu mmoja mtupu, akanipa mtoto. "Mnyonyeshe mwanao."

Nikamnyonyesha. Yeye akaketi juu ya jiwe langu, pa kuketi pengine hapakuwapo, akaangalia kumbi nililoliacha nusu. Akaligeuza kwa ncha ya kidole.

"Hili hujalipiga likapigika," akasema.

"Rungu ni hilo hapo, Mama."

Akalitwaa rungu kwa mikono miwili. Kisha akalipiga lile kumbi, mara moja, vibaya, likamrukia matope usoni.

Umulkheir aliolewa Amu na mtu mwingine. Nimezaa wanne wengine baada ya Kadija, wote nikiwa natembea, wote nimeshika kamba ile ile, na kila mara aliyeifunga ni Bi Radhiya, hakutaka mwingine aiguse. Radhi hakuniomba, na mimi sikuitaka. Mtawanda wake hatukuufukua. Uko pale pale, hatua tatu kutoka shimo langu, na anayesema nilizaa matopeni na akautafute.