Mshale Ulioshiba

Nichekeni mapema tumalizane. Mimi ni dereva wa memsabu mmoja wa Lavington, na gari lake kuukuu lilikuwa na mishale ya petroli na joto iliyolala kama maiti. Kila asubuhi nilipima petroli kwa kijiti, kama mama anayechungulia chungu cha uji.

Juzi nikachoka kuchekwa na madereva wa jirani. Nikachomoa fyuzi ya mishale hiyo, iliyokuwa imeungua, nikaiviringishia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, dawa yetu madereva sote. Kuwasha tu, mishale ikaruka mpaka mwisho!

"Nani fundi hapa?" nikawatangazia. Kijiti nikamtupia mpishi wetu, Mzee Wafula, awashie jiko.

"Otieno, usiringe mapema," akasema. Nikamwambia apike ugali wake.

Tangu hapo mshale wa petroli haukushuka hata kidogo, nami nikalisifu gari kwa kutokula sana.

Leo nilikuwa nampeleka memsabu mjini arusini, ameketi kando yangu, keki ya bibi arusi mapajani mwake. Gari likakohoa, likafa katikati ya barabara. Honi zikatuzomea.

"Petroli iko, memsabu," nikasema. "Tazama mshale. Hii ni plagi tu."

Memsabu akachomoa ufunguo, akauninginiza mbele ya pua yangu. Ufunguo ukitoka, mshale usioharibika hulala. Wangu, ulioungua kwa ile karatasi yangu, ulikuwa umeganda juu, hautikisiki.

"Otieno," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "gari nakufa kabisa. Sasa nani nasema hii tumbo imeshiba?"