Tuliyemhamisha Siye Bibi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe. Mimi ni dereva wa utalii hapa Karatu. Wageni nawashusha kreta kuona wanyama, nawaonyesha makaburi ya mawe ya watu wa kale, nawapigia historia mpaka wengine wanatoa machozi. Lakini kaburi la bibi yangu mzaa baba? Nilikuwa silijui.

Barabara ya kijijini kwetu ilipotaka kupanuliwa, tulitangaziwa kila ukoo uhamishe watu wake kutoka makaburi ya zamani yaliyo kando yake. Makaburi yale yalikuwepo kabla ya kanisa letu. Wamelala humo Wairaqw, Wabarbaig, hata wapita njia. Baba wakati huo alikuwa mgonjwa wa kitandani. Akaniambia, "Mama yangu umlete hapa shambani. Nikifa nilale ubavuni kwake. Sitaki kingine." Alama aliyonipa ni mti wa mringaringa. Kumbe mti ulishakatwa zamani, hata kisiki hakuna, na bila huo mti hata baba mdogo hakukumbuka ni wapi!

Nilitangulia alfajiri, peke yangu, na ukungu wetu huu wa huku juu umefunga kweli kweli. Nikawa nazunguka kati ya matuta, nimekasirika, maana greda lilikuwa limeshafika kijiji cha jirani. Ndipo nikasikia bangili zinagongana. Bibi mmoja ameketi kwenye tuta, kajifunga vazi la ngozi, mikono imejaa bangili za shaba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta mtu?"

"Namtafuta mama yake baba."

Akalipapasa lile tuta polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Huyu hapa amekaa sana bila watu wake. Mchukueni."

Niambie, ungekuwa wewe ungeuliza nini tena? Nilishukuru mpaka nikataka kulia. Nikageuka kumwita baba mdogo, aliyekuwa anakuja na vijana wa kuchimba. Kugeuka tena, hayupo. Nyasi zote zimejaa umande, na palipokanyagwa ni pale nilipopita mimi tu. Nikajiambia huyu ndiye bibi mwenyewe kajitokeza.

Tukachimba. Mifupa ikatoka, na bangili za shaba pamoja nayo. Baba mdogo akanitazama, uso umemshuka.

"Mama tulimzika na rozari," akasema. "Bangili hakuvaa maishani mwake."

Tukachimba kushoto, tukachimba kulia, siku baada ya siku, hadi greda likafika. Bibi hatukumpata.

Nilimpelekea baba zile bangili, nimejiandaa kutukanwa. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alizishika muda mrefu, machozi yanamtoka, na mimi najilaumu kwa nini sikumuuliza yule bibi jina lake.

"Alikuomba mwenyewe?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi mzikeni palepale nilipopanga. Na bangili zake mrudishieni. Mtamrudishaje barabarani mama wa watu?"

Akageukia ukutani. Amini usiamini, siku ile ndiyo nilimsikia baba yangu akilia kwa sauti, mzee mzima, akimwita mama yake.

Alifariki kabla ya mavuno. Yuko ubavuni mwa mwanamke tusiyemjua jina, na mke wangu huwapalilia wote wawili. Yule bibi sijamwona tena, wala simwogopi. Aliomba apewe watu, akapewa.

Lakini wewe ambaye baba yako bado yu hai, usingoje kama mimi. Mshike mkono leo, akuonyeshe walipolala watu wako, uweke hata jiwe. Barabara ile sasa ni lami safi. Kila nikipita na wageni najua nampita bibi yangu juu, na sijui ni wapi nipunguze mwendo.