Kitabu cha Kufukuzia Nyani

Mama aliivunja simu yangu kwa mchi. Hakuuliza wala hakutukana. Alipanda ngazi ya dungu na mchi begani, akaichomoa simu mkononi mwangu, akashuka nayo, akaiweka juu ya jiwe na kuipiga mara moja kama anayepasua nazi. Kisha akanionyesha shamba. Upande wote wa chini mahindi yalikuwa yamelazwa na kumenywa, na nyani dume bado alikuwa amekaa katikati yake, anatafuna, anatutazama.

"Umewalisha," mama akasema. "Leo na wewe lala njaa."

Nilikasirika, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Nilikuwa nimerudi Kipatimu kutoka Dar baada ya baba kufariki, mtu mzima mwenye ndevu, na kazi niliyopewa ilikuwa kukaa kutwa dunguni, kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya nguzo katikati ya shamba, kulinda mahindi. Simu ndiyo ilikuwa maktaba yangu. Nilikuwa nasoma hadithi za kwenye magrupu: mke wa mtu, bosi, mganga, sehemu ya arobaini, inaendelea kesho. Nilizimeza moja baada ya nyingine, na jioni sikumbuki hata moja. Na mimi utotoni nilikuwa msomaji hasa, wa kusoma mpaka karatasi iliyofungiwa sukari.

Nilipochoka kutazama mabua nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu anayekaa jirani na misheni, nikamwomba kitabu chochote. Akanipa riwaya nene iliyokwishapoteza jalada. "Hii haisomwi mbio," akaniambia.

Ilikuwa habari ya mwanamke mmoja na ndoa yake, na kurasa za mwanzo hazikuwa na kitu ila mwanamke huyo anapeta mchele. Anapeta, anapeta, anapeta. Nilitaka kukitupa kitabu. Macho yangu yalishazoea kuruka. Yakifika katikati ya sentensi yanauliza bosi yuko wapi. Nikarudi mwanzo, nikang'ang'ana, mpaka nikaanza kusikia kwamba yule mwanamke anapeta kwa hasira, na neno hasira halikuandikwa popote. Nilifurahi kama niliyeokota kitu changu kilichopotea siku nyingi. Ndipo nyani wakaingia tena.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyani wa milima yetu hawajausikia msemo huo. Kwao kimya maana yake mlinzi amelala au amekufa, yote mamoja, kwa hiyo mlinzi hupiga debe, huimba, hutukana, hanyamazi. Mimi nilikuwa nimezama kwenye mchele wa watu. Aliyewaona ni mbwa wetu peke yake. Akawavaa, na yule dume akamkamata akampasua tumbo. Nilipofika na manati yangu, matumbo yalikuwa yananing'inia kwenye mabua na mbwa bado anapumua. Mama alikuja mbio kutoka upande wa pili, akamtazama, akammaliza kwa mpini wa jembe. Halafu mpini ule ule ukatua mgongoni mwangu, ukarudi, ukatua tena. Mtu na ndevu zangu, nachapwa na mama yangu, na majirani ng'ambo ya bonde wanasikia.

Nilidhani kitabu nacho kitakwenda kwenye jiwe. Mama akakiokota, akakipima uzito mkononi.

"Kina maneno mengi hiki?"

"Mengi, mama."

"Basi yapigie kelele."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye kusoma. Kila asubuhi nilisimama dunguni nikaisoma ile riwaya kwa sauti ya mwadhini aliyekatikiwa umeme. Ukisoma kwa kelele huwezi kuruka. Penye nukta unavuta pumzi, penye koma unameza mate, na sentensi mbovu unaijua kwa koo. Za kitabu kile zilikaa vizuri kooni. Zile za simuni nilizijaribu kwa kukumbuka, nikaona aibu. Mama alipalilia chini yangu, na mzee mmoja ng'ambo ya bonde, kila nikinyamaza ninywe maji, alikuwa anaita: "We bwana, vipi huyo mwanamke?"

Yule dume hakuwa mpenzi wa fasihi. Aliingia hivyo hivyo, akanasa mguu kwenye waya alioutega mama. Mama akamfuata na shoka. Mkono wa kushoto wa mama umepinda na haunyooki tangu nikiwa mdogo. Kijiji kizima kinajua kwamba alianguka kutoka dunguni. Kwa hiyo alipiga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mmoja kazi ile huchukua muda. Nyani alilia kama mtu. Nilitaka kushuka nimsaidie.

"Usinyamaze," akasema bila kugeuka. "Wenzake wako hapo msituni."

Nikaendelea kusoma huku anaua. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mume anarudi nyumbani. Mwandishi hakuwa na haraka. Aliandika kiti kinavyosogezwa, utambi wa taa unavyoshushwa, mwanamke anavyosikiliza kama watoto wamelala, halafu mchi, halafu mfupa. Nikavipigia kelele vyote. Kisha nikasoma kwamba kulipokucha shoga zake yule mwanamke wakamwuliza mkono una nini, akawaambia ameanguka kisimani.

Shoka likasimama. Nyani alishakufa. Mama alikuwa na damu mpaka kwenye kanga, akainua uso kunitazama.

"Naye kasema kaanguka?"

Sikuelewa. Kisha nikautazama mkono wake uliopinda, nikaelewa. Baba ninayemjua mimi alinibeba mabegani kwenda gulioni, hakunipiga hata kofi, na nilimlilia mpaka watu wakaniambia inatosha. Nilitaka kumwambia mama kitu. Nikafunua kitabu, nikatafuta mahali nilipoishia.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Nilisoma chini chini.

"Kwa nguvu."

"Nyani wamekimbia, mama."

"Nani kataja nyani?" Akaunyoosha ule mkono uliopinda, ukaishia pale unapoishia siku zote, ukaelekea ukingoni mwa shamba, kwenye mkorosho, lilipo kaburi la baba. Udongo wake ulikuwa haujatulia bado. "Geukia kule. Nataka na yule asikie."

Niligeuka. Ng'ambo ya bonde yule mzee hakuita. Nikaanza tangu kiti kinaposogezwa, kwa sauti yangu yote, na mama akasimama na shoka lake akasikiliza mpaka mwisho wa sura.