Kiini Kilichowaka Bila Mimi

Mimi na rafiki yangu tulisoma darasa moja, tukalala bweni moja chini ya milima ya Uluguru, na tulipoajiriwa kufundisha baiolojia pale chuoni tukapewa meza zinazotazamana. Kisha ikaja nafasi ya kusoma Ulaya, moja tu, akapewa yeye. Mimi nikabaki na hadubini yenye lenzi iliyoota ukungu.

Aliporudi likizo, maduka ya Morogoro yalikuwa yamejaa redio na vitenge vya nje, lakini pale chuoni gumzo lilikuwa yeye. Alileta mkanda wa video. Tukajazana ukumbini kutazama seli hai zilizotiwa rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu. Seli ilipochochewa, mwanga ulianzia pembeni, ukasambaa, halafu kiini kilicho katikati ya seli nacho kikawaka.

"Utando wa kiini una matundu," alieleza, "kalsiamu inaweza kupita humo. Lakini una tabaka mbili, na katikati yake kuna akiba ya kalsiamu. Huenda unaimwaga ndani ya kiini wenyewe. Bado hatujui."

Miaka yote nilikuwa nafundisha kwamba utando ule ni ukuta wenye milango, basi. Nilimwonea wivu. Nikanyoosha mkono, nikitaka aumbuke.

"Una hakika gani kwamba ni kalsiamu iliyoongezeka? Huenda rangi yako hung'aa zaidi ikiwa ndani ya kiini."

Akatabasamu. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, dada. Twende nyumbani tulizungumze."

Kwao ni Kinole, kijiji cha huko milimani. Nilipomwamkia mama yake shikamoo, akanishika mkono. "Marahaba, mwanangu. Na wewe huko Ulaya utaenda lini?"

Nikachukua kisu nikamenya mananasi, tukala mimi na rafiki yangu huku tukibishana kuhusu rangi ile. Nikamshauri avitoe viini kwenye seli, aipime rangi hiyo ndani ya viini pekee.

Mwaka uliofuata alinipigia simu ofisini kutoka Ulaya.

"Ulisema kweli, rangi ilitudanganya. Lakini kidogo tu. Viini vilivyotengwa, ukivichochea, vinawaka vyenyewe. Utando unamwaga kalsiamu ndani!"

"Hongera."

"Hongera yetu sote."

Nilifurahi, kweli. Ila kiini kile kikiwaka alikiona yeye, siyo mimi. Nilipowafundisha wanafunzi jambo hilo jipya, mmoja akauliza limegunduliwa na nani. Nikamtaja yeye peke yake, nikageukia ubao na kuanza kuufuta.