Wifi yangu anatufungia uzi kwenye vikombe, wageni wakija ananipa wembe

Admin, jina langu libaki kwako. Hapa Kasulu tunajuana, na wifi yangu ana wapambe humu kwenye page.

Nina miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili. Baba yangu ni Muha wa Kagerankanda. Mama alitoka Burundi, akaishi kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla ya kuolewa na baba. Nimezaliwa hapa na nimesoma hapa, lakini kwa wifi yangu mimi ni "huyu Mrundi wa kaka".

Wifi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Kuna mfuko wa jamii unaotoa ruzuku kwa vikundi vinavyopigania usawa, watu wasibaguliwe kwa asili zao. Kikundi chetu kinachanganya wenyeji na wenye asili ya Burundi, na wifi ndiye anayesimama mbele kuongea habari za usawa mpaka machozi yanamtoka. Mimi hupika chai na kuwatafsiria wageni Kirundi cha wale mama wasiojua Kiswahili vizuri.

Sasa sikieni. Kwenye kikundi hicho hicho, vikombe vyetu sisi wa asili ya Burundi vimefungwa uzi mweusi kwenye mkono wa kushikia, ili wenzetu wasije wakavinywea kwa bahati mbaya. Nilipomuuliza wifi alicheka tu, akasema ni usafi, kila mtu ana mdomo wake. Mbona wao midomo yao haifungwi uzi?

Wageni wa mfuko walipokuja mara ya kwanza, asubuhi yake wifi alinipa wembe nikate nyuzi zote. Siku hiyo tulikunywa chai kwa vikombe vyovyote. Yeye mwenyewe alimkumbatia Mama Evelina, mama mtu mzima aliyetoka Burundi, akapiga naye picha. Gari la wageni halijafika hata barabara ya lami, akanirushia kibunda cha uzi. "Haya, rudisheni mambo yenu."

Nilivumilia. Kilichonimaliza ni mwanangu wa kike wa miaka mitano. Alishinda kwa shangazi yake huyo huyo, akarudi na kikombe chake cha plastiki mkononi, kimefungwa uzi. Akaniuliza, "Mama, cha Neema hakina uzi. Mimi nimekosa nini?" Neema ni binti wa wifi. Damu ya kaka yake, jamani! Nilipomwambia mume wangu, alisema dada yake anapenda usafi tangu utotoni, nisikuze mambo. Siku hiyo nilimchukia yeye pia.

Jumanne wageni wanarudi kwa mara ya mwisho. Wakiridhika, kikundi kinapata mashine ya kusaga muhogo. Na mimi nimeshapanga. Chai nitamimina mimi. Wifi nitampa kile kikombe cha mwanangu, na uzi wake, mbele ya wageni wote. Akikataa, wataniuliza kwa nini, nami ni mkalimani, nitawatafsiria maana ya uzi huo neno kwa neno. Akikubali, anywe huku namtazama. Nimeiwaza hiyo picha mpaka nikacheka peke yangu jikoni. Sijawahi kutamani aibu ya mtu hivi, na sioni haya kusema.

Kosa langu nilimdokezea Mama Evelina. Nilidhani atafurahi, maana amefungiwa uzi kuliko sisi wote. Alinishika mkono, akaniita mwanangu kwa Kirundi. "Mwana wanje, uzi haujaniua. Kinachoniua ni kutwanga." Mama huyu anatwanga muhogo wa watu ili wajukuu wale, na mabega yake yamekwisha. Akasema mfuko ukikasirika hautachagua, utaondoka na mashine. Nikamjibu kwamba wifi naye ataanguka. Akasema, "Yeye ana mume mwenye duka. Atainuka."

Nimekasirika zaidi, kwa sababu ni kweli. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Lakini nikinyamaza, mashine itakuja, wifi atakata utepe na kupigiwa makofi kama mama wa usawa, na mwanangu ataendelea kunywea kikombe cha uzi akiamini kuna kosa amefanya.

Msiniambie nisamehe, hilo sijaja kuliuliza. Wala msiniambie hasira hasara, hasara ninayo tayari. Jumanne asubuhi wifi atanipa wembe kama kawaida yake, na kikombe cha mwanangu kitakuwa kwenye mkoba wangu. Ninyi mngekuwa mimi, mngekata uzi, au mngemimina chai?