Kamba ya Ndama

Wewe unayelalamika humu mtandaoni kila siku kwamba watoto wa shule wamekuwa wazito, wanashindia soda na biskuti, njoo Machochwe umwone mwalimu wa michezo. Mfuko mmoja una filimbi, mwingine kiazi kitamu cha kuchemsha, anakimega huku anawahesabia wanaoruka kamba. Mtoto akija na biskuti anamuuliza, "Hiyo itakurusha mara ngapi?" Shule haina kamba hata moja, kwa hiyo aliwaambia walete za nyumbani.

Juzi akaja mama mmoja amewaka. "Shikamoo mama," mwalimu akasema. Mama akainyooshea kidole kamba. "Mwanangu kafungua kamba ya ndama kakuletea wewe. Ndama kanyonya maziwa yote, leo tunakunywa uji mtupu." Mwalimu akamshikisha kamba. "Samahani mama. Ruka kidogo, halafu uichukue." Mama akacheka mwenyewe, akakaza kitenge, akaruka mpaka watoto wakampigia makofi. Kisha akaikunja kamba yake akaondoka nayo, na ana haki. Watoto wakabaki kwenye mstari, wanamwangalia mwalimu. Kwa hiyo nakuomba, tuma kamba. Maoni yako baki nayo.